Akiba ya matibabu: Nafuu isiyopitia kodi kwa mfugaji wa Nainokanoka

UGONJWA hauna kalenda, lakini fedha ya mfugaji inayo. Katika Kata ya Nainokanoka, wilayani Ngorongoro mkoani Arusha, fedha taslimu huingia nyumbani pale ng'ombe, mbuzi au kondoo anapouzwa mnadani. Homa ya mtoto, uchungu wa mama mjamzito au mguu uliovunjika haungojei mnada. Pengo hilo, kati ya siku ya kupata na siku ya kuugua, ndilo ambalo kila mpango wa akiba ya matibabu duniani umebuniwa kuliziba.

Nchi mbalimbali zimejaribu kuliziba kwa njia tofauti. Marekani na Singapore zimeanzisha akaunti maalumu za matibabu ambazo fedha yake hupata nafuu ya kodi. Tanzania Bara ilichagua njia nyingine kwa wananchi walio nje ya ajira rasmi: mfuko wa pamoja ambao kaya iliuchangia mara moja kwa mwaka, na Serikali iliahidi kuongeza kiasi kinacholingana na mchango huo.

Tofauti ya njia hizo mbili si suala la wahasibu peke yao. Ndiyo inayoamua mkono wa Serikali umfikie nani: mwenye mshahara ambaye jina lake limo katika vitabu vya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), au mfugaji wa nyanda za juu za Ngorongoro ambaye hajapata kuona hati ya malipo ya mshahara.

Akaunti ya matibabu ni nini

Akaunti ya akiba ya matibabu ni mali ya mtu binafsi. Mwenye akaunti huweka fedha kidogo kidogo akiwa mzima, na huitoa kwa ajili ya daktari, vipimo au dawa. Serikali humtia moyo kwa kutoitoza kodi fedha hiyo.

Singapore ilianza mwaka 1984 kwa mpango uitwao Medisave, ambao sehemu ya mshahara wa kila mfanyakazi huwekwa katika akaunti yake ya matibabu. Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush mwezi Desemba 2003 iliruhusu akaunti za aina hiyo kuanzia Januari 2004. Huko nafuu ni ya ngazi tatu: fedha inapowekwa haitozwi kodi ya mapato, faida inayoizalia haitozwi, na inapotolewa kwa ajili ya matibabu vilevile haitozwi. Sharti lake kuu ni kwamba mwenye akaunti awe na bima ambayo humtaka alipe kwanza kiasi kikubwa mfukoni mwake kabla bima haijaanza kulipa. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 ilipanua mlango huo, na kuanzia Januari 2026 watu wengi zaidi wanaojinunulia bima wenyewe wanaruhusiwa kuwa na akaunti hizo.

Wanaoziunga mkono husema akaunti hizo humfundisha mtu kujiwekea akiba na kutumia huduma kwa uangalifu. Wanaozipinga hujibu kuwa mwenye kipato kikubwa ndiye anayeweza kuweka fedha nyingi, na ndiye pia anayepata msamaha mkubwa wa kodi.

Kuna udhaifu wa pili. Akiba ya mtu mmoja haigawani hatari na ya mwingine. Aliyeweka akiba ya miaka mitano anaweza kuimaliza kwa upasuaji mmoja, na akaunti ya jirani yake aliye mzima isimsaidie chochote. Kwa sababu hiyo Singapore ilianzisha bima ya magonjwa makubwa mwaka 1990 ili isimame kando ya akaunti, na sheria ya Marekani huifunga akaunti pamoja na bima.

Nafuu ya kodi humfikia nani

Hesabu ndogo huonyesha kwa nini njia ya kodi ingekuwa nyembamba Tanzania. Mfanyakazi anayepata zaidi ya Sh1,000,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 30 ya kile kinachozidi hapo. Kama angeruhusiwa kuweka Sh100,000 za matibabu bila kodi, nafuu yake ingekuwa Sh30,000. Mwenye mshahara mdogo zaidi, aliye katika ngazi ya chini ya kodi ambayo mwaka 2021 ilipunguzwa hadi asilimia 8, angepata nafuu ya Sh8,000 kwa akiba hiyo hiyo. Ambaye mshahara wake hauzidi Sh270,000, kiwango kisichotozwa kodi tangu Julai 2020, asingepata hata senti moja.

Mfugaji wa Nainokanoka yumo katika kundi hilo la mwisho, au yuko nje ya hesabu kabisa. Si kwamba halipi kodi. Hulipa ushuru wa mnada anapouza mifugo, na hulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyomo katika sabuni anayonunua na vocha ya simu anayokwangua. Lakini kodi hizo hazina jina lake, kwa hiyo hakuna namna ya kumpunguzia kupitia akaunti ya akiba.

Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania haijaanzisha akaunti ya matibabu kwa mtu binafsi. Nafuu iliyomo ni ya mwajiriwa. Mwajiri anapogharimia matibabu au bima ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne, na akafanya hivyo kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi, gharama hiyo haihesabiwi kuwa sehemu ya kipato cha mfanyakazi kinachotozwa kodi. Ni nafuu halali, lakini mlango wake ni ajira.

Watumishi wa Serikali nao waliwekewa utaratibu wao mapema. Sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanza kazi mwaka 2001 kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu ikilipwa na mtumishi na nusu na mwajiri. Swali lililobaki lilikuwa la walio wengi: mkulima, mvuvi, mama lishe na mfugaji.

Kutoka huduma bure hadi kuchangia

Kwa miongo mitatu baada ya Uhuru swali hilo halikuulizwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilieneza zahanati na vituo vya afya vijijini, na mgonjwa hakudaiwa fedha. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, na hospitali za mashirika ya dini zikaendelea kutoa huduma bega kwa bega na Serikali.

Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 uliitikisa ahadi hiyo. Zahanati zilibaki na majengo, lakini makabati yake ya dawa yakawa matupu. Mwaka 1991 tiba binafsi iliruhusiwa tena, na kuanzia mwaka 1993 Serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, kwanza za rufaa na za mikoa, baadaye za wilaya.

Uchangiaji wa papo kwa papo ulirudisha fedha kiasi katika hospitali, lakini ulimkuta mgonjwa katika saa yake mbaya kuliko zote. Sera ya misamaha iliwekwa kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo na wenye magonjwa fulani sugu. Walio nje ya orodha hiyo walitakiwa kulipa. Ambaye hakuwa na fedha siku hiyo alikopa, aliuza mnyama kwa bei ya kutupa, au alibaki nyumbani.

Igunga na 'tele kwa tele'

Jibu lilianza kujaribiwa katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kaya ilitakiwa kulipa mchango mdogo mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, wakati fedha ipo. Ikapewa kadi. Kwa mwaka mzima wanakaya walitibiwa katika zahanati au kituo cha afya walichojiandikisha bila kulipa tena. Asiye na kadi aliendelea kulipa papo kwa papo.

Mpango huo uliitwa Mfuko wa Afya ya Jamii, maarufu kwa kifupi cha CHF, na Bunge liliupa nguvu ya sheria mwaka 2001. Mijini ulifuatiwa na mpango wa aina hiyo ulioitwa Tiba kwa Kadi, au TIKA. Kila halmashauri iliweka kiwango chake, na katika miaka ya mwanzo wilaya nyingi zilitoza kati ya Sh5,000 na Sh10,000 kwa kaya. Bodi ya afya ya wilaya ilisimamia mfuko, na kamati ya afya ya kata ilihamasisha wananchi na kuwatambua wasio na uwezo ili wasamehewe.

Kiini cha mpango kilikuwa ruzuku iliyopewa jina la 'tele kwa tele'. Kwa kila shilingi iliyochangwa na wananchi, Serikali iliahidi kuweka shilingi nyingine. Kaya iliyolipa Sh10,000 ilihesabiwa kuwa imeingiza Sh20,000 katika mfuko wa wilaya.

Hapo ndipo CHF inapotofautiana na akaunti zenye nafuu ya kodi. Nafuu ya kodi huongezeka kadiri mshahara unavyopanda, ilhali tele kwa tele ilikuwa sawa kwa kila shilingi, awe aliyeitoa ana mshahara au ana mbuzi watatu. Aidha, fedha haikuwa ya mtu mmoja. Aliyekaa mwaka mzima bila kuugua alikuwa amemlipia jirani, na mwaka uliofuata jirani angeweza kumlipia yeye. Kwa maana hiyo CHF haikuwa akaunti ya akiba kwa maana kamili. Ilikuwa akiba ya kijiji kizima, iliyotiwa mbolea na Hazina.

Kadi isiyo na dawa

Ahadi ilikuwa nzuri, utekelezaji ulikuwa na mashimo. Uandikishaji ulibaki mdogo katika wilaya nyingi, na kaya nyingi zilizojiunga mwaka mmoja hazikurudi mwaka uliofuata. Malalamiko yalifanana kutoka wilaya hadi wilaya, na kubwa kuliko yote lilikuwa dawa. Mwanachama alifika na kadi yake, akaandikiwa dawa, kisha akaelekezwa kwenda kuinunua dukani. Aliyelipa mapema na asiyelipa kabisa wakajikuta kwenye dirisha moja la duka la dawa.

Sababu moja ilikuwa njia ndefu ya fedha. Michango ilikusanywa zahanati, ikapelekwa wilayani, na kurudi kwake kama dawa kulitegemea vikao, sahihi na upatikanaji wa shehena katika Bohari ya Dawa. Sababu nyingine ilikuwa kwamba ruzuku ya tele kwa tele haikujileta yenyewe. Halmashauri ilipaswa kuandaa hesabu za michango na kuiomba, na zipo zilizochelewa au zisizoomba kabisa. Mwaka 2009 usimamizi wa CHF uliwekwa chini ya NHIF kwa matarajio ya kurekebisha kasoro hizo.

Kasoro ya tatu iliwagusa zaidi watu wa mipakani. Kadi ilikuwa ya halmashauri, haikuvuka wilaya. Kwa mkazi wa Igunga aliyekaa jirani na zahanati yake hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwa mkazi wa Nainokanoka lilikuwa suala la jiografia.

Nainokanoka: wilaya moja, hospitali nyingine

Nainokanoka iko kaskazini mashariki mwa Kreta ya Ngorongoro, jirani na kreta ya Olmoti, kando ya njia iendayo kreta ya Empakaai. Ni nchi ya ukungu na baridi, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako moto huwaka ndani ya nyumba na magonjwa ya njia ya hewa ni jambo la kawaida.

Kiserikali, kata hiyo ni ya Wilaya ya Ngorongoro, ambayo makao yake yako Loliondo, kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Hospitali ya Wasso, iliyotumika kwa miaka mingi kama hospitali teule ya wilaya, iko upande huo. Hospitali ya Endulen, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki, iko ndani ya hifadhi lakini upande wa kusini magharibi wa kreta. Barabara ya lami, maduka makubwa ya dawa na magari ya abiria ya kila siku viko Karatu, chini ya lango la Lodoare. Karatu ni wilaya nyingine.

Kwa hiyo kadi ya CHF ya zamani ilimwambia mkazi wa Nainokanoka aelekee kaskazini, huku njia ya kawaida ya usafiri ikimpeleka kusini. Akitibiwa Karatu alilipa kama mgeni. Nauli nayo, ambayo hakuna kadi iliyoilipa, mara nyingi huwa sehemu kubwa ya gharama ya kuugua kwa watu wa nyanda hizo.

Kuna jambo jingine linaloitofautisha Nainokanoka na Igunga. Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ina eneo la takriban kilomita za mraba 8,300 na sheria zake za matumizi ya ardhi. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi kidogo mwaka 1992, kisha kikazuiwa tena mwaka 2009. Kanuni ya 'lipa baada ya mavuno' haina maana mahali ambapo hakuna mavuno.

Kwa Wamasai wa hifadhini, mifugo ndiyo benki. Ng'ombe huzaa, hukua na huuzwa wakati wa shida, na kwa miaka ya neema hiyo ni akiba bora kuliko fedha ya kufukia. Lakini benki hiyo hufilisika kwa ukame. Ukame wa mwaka 2009 uliangamiza mifugo mingi kaskazini mwa Tanzania, Ngorongoro ikiwamo. Katika mwaka wa namna hiyo afya za watu huzorota, bei ya mnyama aliyekonda huanguka, na mchango wa kadi hukosekana, yote kwa wakati mmoja. Mpango wowote wa akiba unaomtegemea mfugaji alipe mwezi uleule kila mwaka utampoteza katika mwaka anaouhitaji zaidi.

Mfuko ulioboreshwa

Mwaka 2018 Serikali ilitangaza CHF iliyoboreshwa, ikitumia uzoefu wa majaribio yaliyofanyika katika mikoa ya Dodoma, Morogoro na Shinyanga kwa msaada wa Uswisi. Mchango uliwekwa kuwa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita katika mikoa isiyo Dar es Salaam. Maofisa waandikishaji waliwafuata wananchi vijijini na kuwasajili kwa simu ya mkononi. Huduma zilipandishwa kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa utaratibu wa rufaa, na kadi ikaruhusiwa kuvuka mipaka ya halmashauri.

Kwa Nainokanoka hayo yalikuwa mageuzi yenye uzito. Kwa mara ya kwanza kadi iliyonunuliwa hifadhini iliweza kutumika nje ya wilaya, mradi kituo kiwe na mkataba na mfuko, na rufaa iliweza kufika Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru jijini Arusha. Karibu na wakati huo huo, kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18, Serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya. Hatua hiyo iliifupisha njia ambayo awali fedha ilipotelea.

Hata hivyo, ukomo wa watu sita ulikuwa na mushkeli wake. Boma la Kimasai huweza kuwa na nyumba kadhaa, kila mke na nyumba yake na watoto wake. Mzee mwenye wake watatu alihitaji kadi tatu au zaidi, na mchango wa Sh30,000 ukawa Sh90,000. Nani atangulie kupata kadi likawa swali la ndani ya boma, na wanaoachwa nyuma katika maswali ya aina hiyo mara nyingi ni wanawake na watoto wao. Misamaha ya wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano husaidia, lakini msamaha nao huishia pale dawa inapokosekana.

NHIF kwa upande wake ilifungua milango kwa wasio watumishi. Novemba 2019 ilizindua vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, ambavyo cha chini kabisa kilianzia Sh192,000 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kwa watoto kulikuwa na Toto Afya Kadi ya Sh50,400, lakini mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa. Mfuko ulieleza kuwa wazazi wengi waliwasubiri watoto waugue ndipo wawaandikishe. Hilo ni tatizo la kawaida la bima ya hiari: mzima hungoja, mgonjwa hukimbilia, na mfuko hukauka.

Majirani walivyofanya

Nchini Kenya njia zote mbili zimejaribiwa. Mwaka 2016 ulizinduliwa mpango wa M-TIBA, mfuko wa fedha ndani ya simu ya mkononi ambao mtu huweka kiasi chochote, na fedha hiyo hutumika tu katika vituo vya tiba vilivyosajiliwa. Ni akiba ya matibabu kwa maana yake halisi, bila kodi kuhusika. Mabadiliko ya sheria za kodi yaliyoanza Desemba 27, 2024 yaliongeza nafuu kwa wenye ajira: mchango katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu, hadi Sh15,000 za Kenya kwa mwezi, huondolewa katika kipato kinachotozwa kodi. Kwa wasio na mishahara, ambao mfumo mpya wa bima ya jamii ulioanza Oktoba 2024 huwataka walipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, ulianzishwa mwaka 2025 mpango wa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole.

Rwanda ilifuata njia iliyo karibu zaidi na CHF, ikaenda mbali zaidi. Bima yake ya jamii, maarufu kwa jina la mutuelle, ilianza kwa majaribio mwaka 1999 na imewahi kuwafikia zaidi ya asilimia 80 ya wananchi. Pamoja na msukumo wa Serikali, Wanyarwanda walitumia vikundi vya kuweka akiba viitwavyo ibimina kukusanya mchango kidogo kidogo hadi ukatimia. Akiba iliwekwa kwa vipande, bima ikalipwa kwa mkupuo.

Tanzania inavyo vikundi vya namna hiyo. VICOBA, ambavyo vimeenea hadi katika jamii za wafugaji, hasa miongoni mwa wanawake, huwa na mfuko wa jamii unaowasaidia wanachama wakati wa ugonjwa na msiba. Mwanamke wa Nainokanoka anayeuza shanga kwa watalii au maziwa kwa majirani anaweza kuweka Sh1,000 kwa wiki. Ndani ya wiki 30 anakuwa na kadi iliyotozwa Sh30,000, bila kungoja ng'ombe wa mume auzwe.

Sheria ya bima kwa wote

Hadi mwanzoni mwa muongo huu, Watanzania waliokuwa na bima ya afya ya aina yoyote walikadiriwa kuwa takriban asilimia 15. Muswada wa bima ya afya kwa wote ulifikishwa bungeni mwaka 2022, ukaahirishwa baada ya mjadala mkali kuhusu viwango. Wakati huo ilitajwa Sh340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, zaidi ya mara 11 ya mchango wa CHF iliyoboreshwa. Bunge lilipitisha sheria Novemba 2023.

Sheria hiyo iliweka msingi wa kuwa kila mkazi awe na bima, na iliunda mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Vyanzo vya mfuko huo ni pamoja na sehemu ya kodi na tozo za vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Hapo kodi inarudi katika hadithi ya matibabu kwa mlango mwingine. Badala ya kumsamehe mwenye mshahara, Serikali inakusanya kwa mnywaji na mcheza kamari ili imlipie asiyeweza.

Yote yatategemea nani atatambuliwa kuwa hana uwezo. Mwenye ng'ombe 20 huhesabiwa tajiri mwezi Mei na huweza kuwa fukara mwezi Oktoba wa mwaka wa ukame. Orodha ya kaya maskini inayoandikwa mara moja na kukaa miaka mingi haiwezi kuyaona mabadiliko hayo.

Kadi na makazi

Kwa Nainokanoka kuna swali kubwa kuliko kiwango cha mchango. Tangu Juni 2022 Serikali imekuwa ikihamisha kaya kutoka hifadhini kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, ikisisitiza kuwa uhamaji huo ni wa hiari na kwamba huko kuna nyumba na huduma za jamii. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti ya Julai 2024, lilidai kuwa huduma ndani ya hifadhi, zikiwamo za afya, zilipunguzwa kwa namna iliyowasukuma watu kuondoka.

Agosti 2024 tangazo la Serikali lilifuta kata 11 na vijiji 25 vya hifadhini. Agosti 22 mwaka huo Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha utekelezaji wake. Mzozo huo ulikuwa wa ardhi na utawala, lakini uligusa moja kwa moja mfumo wa akiba ya afya. Mwandikishaji humtambua mwanachama kwa kijiji chake. Kamati ya afya ya kata humthibitisha asiye na uwezo. Zahanati hupokea fedha kwa akaunti yake. Ikifutwa kata, ngazi hizo zote hukosa pa kusimama. Na kaya inayohamia Tanga huhitaji kadi inayosomeka huko kama ilivyosomeka Ngorongoro.

Miaka 30 tangu Igunga imeacha vipimo vinne vya kuupima mpango wowote wa akiba ya matibabu kwa watu wasio na mshahara. Kwanza, nafuu ya Serikali imfikie mchangiaji bila kupitia kodi ya mapato asiyoilipa. Pili, malipo yafuate msimu wa kipato chake, iwe mavuno, mnada au kikundi cha akiba. Tatu, kadi ifanye kazi mahali barabara inapompeleka, si mahali ramani ya utawala inapomwelekeza. Nne, dawa iwepo.

Cha nne ndicho kinachoamua vingine. Kaya ya Nainokanoka inaweza kuuza mbuzi kwa ajili ya kadi mara moja kwa kuamini maneno ya mwandikishaji. Mara ya pili itaangalia kabati la zahanati kwanza.